Tawi Lililokuwa Shina: Reli ya Kisumu na Bandari Yake

Jumamosi moja nilikuwa katika Soko la Toi nikichagua mashati, honi ya garimoshi ikalia kutoka upande wa Kibera. Mwanafunzi wangu niliyekuwa naye akaniuliza kama reli ile huishia Kikuyu au Limuru. Nilimjibu kwamba reli ile haikujengwa kwa ajili ya abiria wa asubuhi na jioni. Ilijengwa ili ifike ziwani. Alistaajabu, nami nikastaajabia mshangao wake, maana huyu ni kijana aliyefuzu mitihani yote ya historia aliyotahiniwa.

Hebu tuanze na neno lililokuwa mikononi mwetu pale sokoni. Leo tukisema mitumba, kila mtu hufikiria nguo kuukuu. Lakini mtumba, kwa asili, ni robota au mzigo uliofungwa, na katika zama za misafara ulikuwa mzigo wa nguo aliojitwika mpagazi kutoka pwani kwenda bara. Reli ilikuja kuuondoa mzigo huo kichwani mwa mpagazi. Hata jina garimoshi linabeba historia hiyo: gari limetoka Bara Hindi, moshi ni wetu wa Kibantu. Bandari nayo ni neno la Kiajemi lililovuka bahari likapata uraia katika Kiswahili. Safari yote ya reli, kutoka bahari hadi ziwa, imo ndani ya maneno hayo machache.

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwezi Desemba 1901 ikagusa maji ya Ziwa Viktoria. Mahali hapo wakoloni walipaita Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Jina hilo halikudumu. Lililodumu ni Kisumu, ambalo wengi hulieleza kuwa na maana ya mahali pa kubadilishana vyakula. Kwa hiyo kabla ya kuwa bandari ya Waingereza, palikuwa soko la wenyeji, kama Toi ilivyo soko letu.

Wapo wanaoshangaa kwa nini reli iliyoishia Kisumu iliitwa Reli ya Uganda. Jibu ni rahisi. Ilipofika mwaka 1901, Kisumu ilikuwa ndani ya mipaka ya Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka uliofuata, na eneo hilo likaingizwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Reli haikuishia njiani; ni nchi iliyohamishwa.

Jambo la msingi ni kwamba reli hii haikukusudiwa kujitegemea. Sehemu yake ya pili ilikuwa meli. Meli ya William Mackinnon ilisafirishwa vipande vipande, ikaungwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, hata kabla ya reli yenyewe kufika. Baadaye zikaja nyingine, kama Winifred, Sybil na Clement Hill. Pamba ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli, ikapakiwa mabehewani Kisumu, ikapanda milima ya Mau na kuteremka hadi Mombasa. Kwa takriban miaka 30, kipande cha Nakuru hadi Kisumu kilikuwa shina la uchukuzi wa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki.

Kisha shina likageuzwa tawi. Katika miaka ya 1920 ilijengwa njia nyingine kutoka Nakuru, ikapitia Eldoret, katika nyanda za walowezi wa Uasin Gishu waliokuwa na hamu kubwa ya kuwa na reli. Mwaka 1931 reli hiyo ilivuka Mto Nile kwa daraja la Jinja na kufika Kampala. Tangu siku hiyo shehena ya Uganda haikulazimika kuonana na ziwa. Kilomita 217 za Nakuru hadi Kisumu zikawa tawi la kuhudumia bandari, bandari ambayo nayo ilikuwa imepoteza mteja wake mkuu. Hakuna reli iliyong'olewa wala gati lililobomolewa. Uamuzi uliofanywa mbali na Kisumu ulitosha kuibadilisha hali ya Kisumu.

Hata hivyo, tawi halikunyauka. Katika miaka ya 1960 zililetwa meli mbili, Umoja na Uhuru, zilizoweza kubeba mabehewa yenyewe. Behewa liliingia melini likiwa juu ya reli zake, likavuka ziwa, likatokea Uganda au Tanzania bila mzigo kupakuliwa. Kilichoudhoofisha mpango huo hakikuwa maji wala milima, bali siasa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli lililokuwa moja likagawanywa, na kila nchi ikashika kipande chake.

Sisi wa Nairobi tuna sura yetu katika historia hii. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozusha vita, vijana wenye hasira waling'oa reli pale Kibera, na shehena ya kwenda Uganda ikakwama. Siku hizo hizo Soko la Toi liliteketezwa. Sisemi haya ili kuhalalisha uharibifu. Nasema kwamba mtu hung'oa kwa wepesi kitu anachokiona kikipita mlangoni mwake bila kusimama. Reli iliyopita karibu na kibanda chake ilikuwa ya wengine, na soko lililoungua lilikuwa lake.

Safari za abiria za Kisumu zilikoma mwaka 2012, zikarejea Desemba 2021 baada ya njia kukarabatiwa. Meli ya Uhuru nayo iliamshwa mwishoni mwa 2019 baada ya usingizi wa miaka mingi. Wakati huo huo reli mpya iliyofika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019 ilisimama kabla ya kulifikia ziwa, na mpango wa kuifikisha Kisumu na Malaba umezungumzwa kwa muda mrefu.

Hapo ndipo nina neno kwa walimu wenzangu. Tunawafundisha watoto simba wa Tsavo wa mwaka 1898 na kufika ziwani mwaka 1901, kisha tunafunga kitabu. Mwaka 1931 hatuugusi, na 1977 tunaufundisha kama kwamba ulihusu marais tu. Lakini miaka hiyo miwili ndiyo inayoeleza kwa nini bandari hustawi au hudumaa. Mwanafunzi asiyeijua ataamini kwamba maendeleo ni kutandika chuma chini. Hatauliza chuma hicho kitakutana na nini mwishoni mwake, nani aliyechagua njia yake, na wanaoishi kando yake watapata nini.

Kabla hatujaondoka Toi nilimwendea mama mmoja muuza omena aliyekuwa akipima kwa gorogoro. Nikamuuliza samaki wake wametoka wapi.

“Kwetu ziwani, mwalimu,” akajibu.

“Wamekuja na garimoshi?”

Akacheka. “Na basi la usiku. Mimi nangoja kitu ambacho kinafika.”

Jibu lake lilikuwa fupi kuliko mhadhara wangu, na lilitosha. Reli bila meli haifiki, na meli bila reli haina mzigo. Kidole kimoja hakivunji chawa.