Je, Udongo Huu Una Sumu?

Ukipita katika mabonde yaliyo kando ya mji wa Mbeya, au ukifuata Mto Ruaha Mdogo karibu na Iringa, utaona bustani za nyanya, kabichi na viazi. Udongo wake unapendeza. Lakini sumu iliyomo udongoni mara nyingi haionekani kwa macho.

Wakulima hunyunyizia mimea dawa za kuua wadudu na ukungu, na sehemu ya dawa huanguka chini. Dawa nyingine huvunjwavunjwa na vijidudu vya udongoni kwa muda wa wiki chache. Nyingine hukaa. Mrututu, unga wa buluu unaotengenezewa dawa za ukungu, una shaba. Shaba haiozi kamwe, hivyo huongezeka kila msimu. DDT, iliyotumiwa sana zamani, huweza kudumu zaidi ya miaka 10.

Mfano mbaya ulitokea mbali na nyanda hizo, huko Vikuge, Kibaha. Mwaka 1986 shamba la serikali lilipokea msaada wa dawa nyingi kutoka Ugiriki. Nyingine zilikuwa zimekwisha muda wake. Banda la kuhifadhia likabomoka. Miaka mingi baadaye, hata baada ya dawa kuondolewa, udongo ulipimwa. Palipochafuka zaidi, zaidi ya robo ya uzito wa udongo ilikuwa DDT!

Udongo hupimwaje? Huchimbwa mahali 15 hivi shambani, kina cha sentimita 20, kisha huchanganywa katika ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati haifai, kwa kuwa imepakwa zinki. Nusu kilo hupelekwa maabara, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Palipomwagika dawa hupimwa peke yake: pakichanganywa na pengine, sumu itaonekana kuwa ndogo. Wewe usipaguse.

Maabara ikisha kutoa hesabu, lipo swali la pili: sumu humfikiaje mtu? Hupita katika vumbi, mboga zisizooshwa, maji ya kisima na mikono michafu. Mtoto mdogo hutia vidole kinywani, na mwili wake ni mwepesi. Kwa hiyo kiasi kile kile cha sumu ni hatari zaidi penye michezo ya watoto kuliko katika shamba la miti.

Zoezi: Chora ramani ya bustani ya shule. Onyesha mahali 15 pa kuchimba udongo, kisima, na mahali dawa zinapochanganywa.