Hakuna Chakula cha Bure: Maana na Asili ya Msemo

Wazungumzaji wa Kiingereza husema kwamba hakuna chakula cha mchana cha bure. Maana yake ni kwamba kila kinachotolewa bila malipo kina mtu anayekilipia, na mara nyingi mlipaji ni yule yule anayedhani amepewa zawadi.

Msemo huu unatukumbusha desturi ya Marekani katika karne ya 19. Baa nyingi, kuanzia New Orleans hadi San Francisco, ziliwaandalia wateja chakula cha mchana bila malipo, kwa sharti kwamba mteja anunue walau kinywaji kimoja. Mwandishi Rudyard Kipling, aliyeizuru San Francisco mwaka 1889, aliona kwamba kwa fedha kidogo mtu angeweza kula hadi akashiba. Hata hivyo, vyakula vingi vilikuwa vya chumvi. Kiu ilifuata, na baada ya kiu, glasi ya pili na ya tatu. Aliyekunywa moja akaondoka alipata faida. Walioendelea kunywa ndio waliomlipia. Baadaye wanauchumi waliupenda msemo huo, na Milton Friedman akaufanya kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1975.

Mbinu hiyo ingali hai. Huduma ya simu inayotangazwa kuwa “bure kwa mwezi wa kwanza” humtegemea mteja atakayesahau kujiondoa, ambaye salio lake litaendelea kukatwa kidogo kidogo bila yeye kutambua. Vivyo hivyo, bidhaa ya pili inayotolewa “bure” huenda bei yake imekwisha kuongezwa katika ile ya kwanza.

Hatusemi kwamba kila ofa ni ulaghai. Tunamshauri mlaji ajiulize maswali manne kabla ya kukubali:

1. Muda wa bure unakwisha lini, na baada ya hapo nitatozwa kiasi gani?
2. Nitajiondoa kwa njia gani?
3. Bidhaa hii inauzwa bei gani mahali pasipo na zawadi?
4. Ninatakiwa kutoa taarifa zangu binafsi, na zitatumikaje?

Muuzaji akishindwa kuyajibu, ni heri kuahirisha ununuzi. Ukikubali, andika tarehe ya mwisho wa ofa na utunze risiti pamoja na ujumbe wa masharti, kwani ndio ushahidi wako endapo utalazimika kulalamika. Wahenga walikwisha kutuonya: rahisi ni ghali.