Batri ya gari: busta inaiamsha, lakini haiiponyeshi

Mashofere wa barabara ya taifa nambari 5, kati ya Uvira na Baraka, wanaijua ile sauti: unageuza ufunguo, motere inasema tik-tik-tik, basi. Abiria wanashuka, wanasukuma. Mchana inawezekana, lakini gari za otomatiki haziwake kwa kusukumwa. Na kama ndani kuna mama wa mimba anayepelekwa hospitali usiku, nani ataamsha vijana waje kusukuma?

Ndiyo maana watu wengi wanauliza juu ya busta, kile kisanduku kidogo chenye batri ya lithiamu na kamba mbili, nyekundu na nyeusi. Ni kitu kizuri, ila inafaa kujua kazi yake.

Busta inafanya nini?

Inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili motere iwake. Haijaze batri. Busta iliyoandikwa mAh 20000 inabeba karibu wati-saa 74. Batri ya gari ya ampea-saa 60 inabeba karibu 720. Ni kama kujaza pipa kwa kopo.

Kisha motere kuwaka, alternata ndiyo inarudisha chaji, na inaomba muda. Kutoka Mboko centre mpaka sokoni haitoshi. Na batri iliyokufa kabisa, busta haitaifufua.

Ukinunua, angalia mambo matatu. Kwanza volti: gari ndogo ni 12, lakini malori mengi ni 24, yenye batri mbili. Usifunge busta ya 12 kwenye mfumo wa 24. Pili, usidanganyike na ile namba kubwa ya ampea iliyoandikwa juu; ni nguvu ya kitambo kidogo sana. Tatu, chagua yenye ulinzi wa kuzuia hasara kama mtu amegeuza kamba.

Usiiache ndani ya gari iliyoanikwa kwenye jua. Joto linaharibu lithiamu, tena ikivimba inaweza kuwaka moto. Ichaji kila miezi mitatu hata kama hujaitumia.

Juu ya nini batri zetu zinakufa haraka?

Kwetu batri moja inafanya kazi tatu: mchana iko kwenye gari, usiku inawasha taa na televizyo nyumbani, ao inaenda ziwani kuwasha taa za kuvua ndakala. Lakini batri ya gari ilitengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa muda mfupi, kisha ijazwe mara moja. Ukiimaliza nusu ao zaidi kila usiku, haitamaliza miezi mingi. Kwa taa na televizyo, tafuta batri ya solere, ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kitu kingine ni kuiacha tupu. Ndani yake risasi inashika ukoko mgumu, na kisha wiki kadhaa haikubali tena chaji.

Kipimo cha volti ni cha bei ndogo na kinasaidia sana. Zima gari, ngoja masaa machache, kisha pima. Volti 12,6 na kupita: imejaa. 12,2: iko nusu. Chini ya 12: karibu tupu, ichaji leo, usingoje kesho. Motere ikiwa inazunguka, unapaswa kuona kati ya 13,8 na 14,4. Kama inabaki 12, angalia alternata na mkanda wake mbele ya kununua batri mpya.

Kuchaji vizuri

Chaji polepole: ampea zisipite sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa batri. Batri ya 60, tia ampea 6. Chaja nzuri inajipunguza yenyewe batri ikijaa.

Wenye kutumia pano ya jua, msifunge pano moja kwa moja kwenye batri. Pano ya volti 12 inaweza kufika 20 na zaidi, itachemsha maji ya batri. Weka regulata katikati. Pano ya wati 100 inatoa ampea 5 hivi kwenye jua kali, basi batri ya 60 iliyobaki nusu inaomba siku moja mpaka mbili.

Kama batri yako inafunguliwa, ongeza maji ya batri yanayouzwa ndani ya chupa. Maji ya ziwa ao ya kisima hapana: yana chumvi inayoharibu risasi. Na usiongeze asidi.

Batri ikichajiwa inatoa gesi ya hidrojeni inayoweza kulipuka. Basi hakuna sigara, hakuna mshumaa, na usiichajie kwenye chumba cha kulala. Asidi ikiruka machoni, osha na maji safi mengi kwa dakika 20, kisha kimbia kituo cha afya.

Ukiazima nguvu ya gari nyingine

Nyekundu kwenye + ya batri tupu, kisha + ya batri nzima. Nyeusi kwenye − ya batri nzima, na mwisho kwenye chuma cha motere isiyowaka, mbali na batri. Cheche ikitoka, itokee mbali na gesi. Gari ikiwaka, toa kamba ukianzia ile ya mwisho.

Gari ikiomba busta mara mbili kwa wiki moja, usiweke tumaini kwenye busta. Pima batri, pima alternata, utafute ugonjwa uko wapi.