Msongamano wa Tishu za Titi na Mabadiliko ya Seli: Jibu la "Si Saratani" Lina Maana Gani?

Mwanamke anapoambiwa kwamba uvimbe wa titi lake si saratani, hupata faraja anayostahili. Hata hivyo, karatasi ya majibu yake inaweza kuwa na habari nyingine mbili zinazohusu afya yake ya miaka ijayo: msongamano wa tishu na mabadiliko ya seli.

Titi limeundwa kwa tezi za maziwa, mirija, nyuzi na mafuta. Katika picha ya mamografia, mafuta huonekana meusi, ilhali tezi na nyuzi huonekana nyeupe. Weupe unapotawala, titi husemwa kuwa na msongamano mkubwa. Hali hii haitambuliki kwa kupapasa, na ni ya kawaida zaidi kwa wanawake vijana. Wataalamu huigawa katika madaraja manne, A hadi D. Hatari ya saratani kwa mwenye daraja D ni takriban mara nne ya mwenye daraja A. Aidha, saratani nayo huonekana nyeupe, hivyo inaweza kujificha ndani ya weupe huo. Kwa sababu hiyo, uvimbe unaogusika haupaswi kupuuzwa ati kwa kuwa mamografia haikuonyesha kitu; hapo kipimo cha ultrasaundi huhitajika.

Mabadiliko ya seli, kwa upande wake, hutambuliwa kwa hadubini baada ya kinyama kukatwa kutoka kwenye titi. Mwaka 1985, William Dupont na David Page wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 3,000 waliopimwa hivyo na kukutwa hawana saratani. Kati ya wote waliopimwa na kukutwa hawana saratani, si wale waliofuatiliwa tu, takriban asilimia 70 hawakuwa na seli zilizoongezeka isivyo kawaida, na hatari yao haikuzidi. Wachache, kama asilimia 4, walikuwa na seli zilizoongezeka na pia kubadilika umbo, hali iitwayo atipia. Hatari yao ilizidi mara nne, na ilikaribia mara tisa pale ambapo ndugu wa karibu alikuwa ameugua.

Viashiria hivi si ugonjwa. Wengi wenye titi lenye msongamano mkubwa hawapati saratani kamwe, na wengi wenye atipia vivyo hivyo. Lakini mwenye atipia anahitaji ufuatiliaji wa karibu, na daktari anaweza kujadiliana naye kuhusu dawa kama tamoksifeni, inayopunguza hatari hiyo.

Basi mhudumu wa afya asiishie kuandika "hakuna saratani". Ataje daraja la msongamano na aina ya mabadiliko yaliyoonekana. Mgonjwa naye aombe nakala ya majibu, aitunze, na aende nayo kila anapohudhuria kliniki. Karatasi iliyopotea humlazimu daktari wa baadaye kuanza upya, bila kujua kwamba aliye mbele yake alikwisha kuonywa.