Jengo Kuu la Makerere: Sura Ileile, Mifupa Mipya

Asiyejua yaliyotokea Septemba 2020, akisimama leo kwenye Uwanja wa Uhuru wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ataamini kwamba Jengo Kuu lililo mbele yake ndilo lilelile lililokamilika mwaka 1941. Nguzo za baraza zipo, matao yapo, mnara uko katikati, na mabawa yake mawili yanalingana. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Jengo hili liliipa sura ya chuo cha elimu ya juu cha Afrika Mashariki nzima. Julius Nyerere alipofika kusomea ualimu mwaka 1943, kuta zilikuwa bado mpya.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, jengo likaungua. Ili kuelewa hasara ile, mtu apande kwa fikra hadi juu ya dari. Katika majengo mengi ya zama zile ukuta ndio unaobeba mzigo, na paa hukaa juu ya kenchi za mbao. Kati ya dari na paa hubaki uwazi mrefu, na mbao humo zimekaushwa na jua la miaka mingi. Moto ukiingia pale na kukosa ukuta wa kuukatiza, hukimbia kutoka bawa moja hadi jingine. Joto hulegeza chokaa na saruji kati ya matofali, kisha maji ya zimamoto huyapoza ghafla, yakapasuka. Kenchi zikianguka, ncha za kuta hazina tena cha kuzishikilia. Ndiyo maana ukuta uliobaki wima baada ya moto si lazima uwe salama.

Jengo Kuu lilijengwa upya kwa kufuata sura ya zamani, na milango ikafunguliwa Oktoba 2024. Naona ulikuwa uamuzi sahihi: vizazi vya wahitimu vilipiga picha mbele ya sura ile. Lakini historia isifichwe. Kilichoungua, pamoja na alama za mikono ya mafundi wa awali, hakirudi. Kibao cha mlangoni kinastahili kubeba miaka yote miwili, 1941 na 2024.

Nanyi mnaotunza majengo makongwe ya vyuo vyetu, pandeni darini. Kagueni nyaya, jengeni kuta za kuzuia moto, na hamisheni majalada yaliyorundikwa huko kabla hayajawa kuni.