Kabla ya Kununua Ramani, Soma Kiwanja

Anayetaka kujenga nyumba Kikima, Kaunti ya Makueni, siku hizi halazimiki kusafiri hadi Nairobi kumtafuta msanifu majengo. Ramani zilizokwisha kuchorwa zinauzwa kwenye simu: vyumba vitatu vya kulala, cha wazazi kikiwa na choo chake, sebule pana, baraza mbele, na paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya ada ya kuchorewa ramani upya, na mnunuzi anaiona nyumba yake kabla hajachimba hata shimo moja. Hayo ni manufaa ya kweli kwa mwalimu au mfanyabiashara anayejenga kwa akiba yake. Hata hivyo, ramani ya namna hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko kwenye kiwanja, na hasa katika vilima vya Mbooni, ilipo Kikima, pesa iliyookolewa kwa kununua ramani tayari inapaswa kutumiwa kuilinganisha ramani hiyo na ardhi.

Ramani za kununua si jambo geni wala la aibu. Kampuni ya Sears, Roebuck ya Marekani iliuza nyumba kwa katalogi kuanzia mwaka 1908 hadi 1940, na inakadiriwa kwamba ziliuzwa 70,000 au zaidi. Hapa Kenya, Baraza la Jiji la Nairobi lilianzisha mradi wa Dandora mwaka 1975 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ukiwa na viwanja takriban 6,000 vya watu wenye kipato kidogo. Waliopewa viwanja walijijengea nyumba hatua kwa hatua wakifuata ramani za mfano zilizotayarishwa na mradi. Lakini tuangalie kilichotangulia. Viwanja vilikuwa vimepimwa, barabara na mabomba ya maji safi na maji taka yamepangwa, na mahali pa choo na bafu pamekwisha kuamuliwa. Aliyechora ramani alijua itakaa wapi. Anayeuza ramani kwenye simu hajui. Yeye huchora nyumba ya kukaa mahali tambarare, penye udongo mgumu, na kumwachia mnunuzi kazi ya kuthibitisha kwamba mahali hapo ndivyo palivyo.

Mbooni si tambarare. Shamba la kawaida hushuka tuta baada ya tuta, kazi ya mikono ya vizazi vya Wakamba waliopambana na mmomonyoko. Tuta la fanya juu hutengenezwa kwa kuchimba mtaro unaokata mteremko na kuutupa udongo wake upande wa juu, uwe ukingo. Kila mvua inaponyesha, udongo unaoteremka hunaswa na ukingo huo, na baada ya miaka shamba husawazika lenyewe. Kwa macho, hapo ni mahali pazuri pa kujenga. Kwa msingi wa nyumba, hapo pana udongo wa aina mbili. Upande wa nyuma, karibu na tuta la juu, ardhi asilia iko karibu. Upande wa mbele, kuelekea ukingo wa chini, umelundikana udongo laini wa shambani. Ukichimba msingi wa kina kimoja pande zote kama ramani inavyosema, ukuta wa nyuma utasimama imara na wa mbele utatitia. Ufa utaanzia kwenye kona ya dirisha, mahali ukuta ulipo dhaifu, kisha upande kwa mshazari kuelekea kwenye linta. Kuupaka plasta hakutausaidia, kwa sababu chanzo chake kiko chini.

Dawa yake si ghali. Kabla ya kulipia ramani, chimba mashimo manne, moja kila kona ya mahali unapokusudia nyumba ikae, mpaka ufike udongo ambao sururu inaukata kwa shida. Andika kina cha kila shimo. Yakipishana sana, mhandisi ataamua kama msingi ushuke kwa ngazi, au nyumba isogezwe nyuma. Mashimo hayo ni kazi ya vibarua kwa muda mfupi, nayo yatakueleza mambo ambayo hakuna picha inayoweza kukueleza.

Wapo wanaojibu kwamba siku hizi kuna tingatinga, kwa hiyo kilima kikatwe kisawazishwe, ramani yoyote itakaa. Ni kweli kwamba mashine inaweza kukata, lakini kila mita inayokatwa upande wa juu inadai ukuta wa kuzuia udongo, wenye matundu ya kupitishia maji, na ukuta huo haumo katika bei ya ramani. Hesabu ni nyepesi. Nyumba ya mita 12 kwa 12 ina eneo la mita za mraba 144. Ya mita 18 kwa 8 ina eneo lile lile. Kwenye mteremko wa asilimia 20, ile ya mraba itakabili tofauti ya kimo ya mita 2.4 kutoka nyuma hadi mbele, na ile ndefu iliyolazwa sambamba na matuta itakabili mita 1.6. Kwa hiyo mwenye kiwanja cha mlimani atafute kwanza ramani ndefu na nyembamba, hata kama ile ya mraba ina sura ya kuvutia zaidi.

Paa nalo lina hoja yake. Katika Makueni na Kitui, paa ni chanzo cha maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 30 hupokea lita 3,600, na hata ukipoteza sehemu ya tano, tangi la lita 10,000 litajaa kwa mvua nne za namna hiyo. Paa la miteremko miwili lenye mifereji miwili iliyonyooka hufanya kazi hiyo bila taabu. Paa lililofichwa hupitisha maji katika mfereji wa ndani, na majani yakiuziba, maji hufurika kuelekea kwenye dari. Aidha, hali ya hewa haifanani: Kikima huwa na baridi na ukungu kati ya Juni na Agosti na sebule huhitaji jua la asubuhi, ilhali mjini Wote, katika kaunti hiyo hiyo ya Makueni, mwenye nyumba hutafuta kivuli na upepo. Ramani moja haiwezi kufaa mahali pote pawili bila kugeuzwa.

Pingamizi la pili ni kwamba fundi anaijua ardhi ya kwao, hivyo mhandisi wa nini? Fundi mzoefu anastahili kusikilizwa, tena mapema, kabla ramani haijanunuliwa, maana yeye ndiye ajuaye maji ya mvua hupita wapi. Lakini unene wa nondo katika nguzo inayobeba slabu hukokotolewa, haukisiwi. Ramani nyingi za bei nafuu huonyesha vyumba na sura ya nje tu, bila michoro ya mhandisi. Isitoshe, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwenye ujenzi apate kibali cha kaunti, kwa hiyo muulize muuzaji waziwazi: je, michoro ina sahihi ya mtaalamu aliyesajiliwa? Michoro ya msingi na nondo imo? Naruhusiwa kuibadilisha?

Anayejenga huenda hatajenga tena maishani mwake, na ndiyo sababu mpangilio wa hatua una uzito. Kwanza pima mteremko, chimba mashimo, tazama njia ya maji na upande wa jua. Kisha nunua ramani inayokubaliana na uliyoyaona, na umlipe mtaalamu kuirekebisha. Jumla ya gharama hizo, mara nyingi, bado itakuwa chini ya gharama ya kubomoa ukuta mmoja na kuujenga upya.