Utelezi Uliomo Ndani ya Mabomba ya Maji

Katika wilaya za Mbulu na Hanang vijiji vingi hunywa maji ya chemchemi yaletwayo kwa mabomba. Mtu akiyaona yanatoka maangavu hudhani ya kuwa ni safi. Lakini yafaa tujue ya kuwa maji huweza kuwa safi katika chemchemi, yakachafuka njiani.

Pitisha kidole ndani ya bomba kuukuu, utagusa utelezi. Huo ni makao ya bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Hunata katika bomba, hutoa ute, huzaana ndani yake. Wengi hawana madhara, lakini wale waletao kuhara wakiingia huweza kujificha humo. Dawa ya klorini huwaua walio juu. Walio chini hukingwa na ute. Na maji yaliyokatika yakirudi kwa nguvu, utelezi hubanduka ukaingia ndooni.

Basi wasimamizi wa maji na wafanye haya. Kwanza, chemchemi izungushiwe ua mifugo isifike, maana tope na majani yaliyooza ni chakula cha bakteria. Pili, tangi lifunikwe, tena lisuguliwe ndani. Tatu, koki ya mwisho wa bomba, ambapo maji hutuama, ifunguliwe mara kwa mara mpaka yatoke maangavu. Nne, nyufa zizibwe upesi, maana bomba tupu hunyonya uchafu wa udongoni. Tano, klorini ipimwe katika koki ya mwisho, si tangini tu; Shirika la Afya Duniani lataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliingia Katesh likaharibu nyumba, barabara na mabomba. Bomba lililovunjika hivyo, likiisha kuungwa, halifai kunywewa mara moja. Hapana budi lisukumwe maji mengi, litiwe klorini kali, liachwe, kisha lioshwe tena. Kazi hiyo ni ya fundi ajuaye kipimo. Wanavijiji wamwite mtaalamu wa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019.

Walimu nao wana kazi. Mwambieni kila mtoto atie kidole katika dumu la kwao. Akikuta utelezi, alisugue kwa sabuni na mchanga, alisuuze vema. Na maji ya kunywa yachemshwe. Bomba safi halifai kitu ikiwa dumu ni chafu.